Nakala ya Malkia Elizabeth I niliyochorewa Kampala: uzoefu wangu

Nguo ameipatia, upinde wa mvua ameuharibu. Kwa kifupi ndivyo ninavyoiona nakala ya rangi za mafuta niliyoagiza kwa mchoraji mmoja hapa Kampala, niitundike kwenye duka langu la ushonaji Kibuli.

Picha ya asili iko Uingereza, ndani ya Hatfield House, jumba alilolijenga Robert Cecil, aliyekuwa waziri wa malkia huyo, likakamilika 1611. Ilichorwa mnamo 1600 hivi, malkia akikaribia miaka 70, lakini uso amepewa wa msichana. Mimi uso sikuwa na haja nao. Nilitaka joho lile la rangi ya machungwa lililojaa macho na masikio, maana bibi huyo alitaka ijulikane kwamba haoni wala hasikii nusu nusu. Kwenye mkono wa kushoto wa gauni kuna nyoka aliyetariziwa, na mdomoni ananing'iniza kito chekundu chenye umbo la moyo. Fundi yeyote wa gomesi, lile vazi la kike la Uganda, atasimama kuutazama mkono ule.

Nilimtumia picha kwa simu, nikalipa nusu ya laki nne. Nyoka katoka safi! Ukisogea unaona kila pingili imewekewa mwanga wake, na joho linaanguka kwa uzito kama kitambaa cha kweli. Masikio kayapunguza, ila wateja hawajali. Wanauliza tu kwa nini nguo inawakodolea macho.

Sasa upinde. Malkia ameushika mkononi, na kwenye picha ya asili umepauka, karibu hauna rangi kabisa. Kando yake kuna maneno ya Kilatini yasemayo kwamba pasipo jua hakuna upinde wa mvua, na jua lenyewe ni yeye. Mchoraji wangu akaupaka nyekundu, njano na kijani kali, ukameza kila kitu. Nilipolalamika akanijibu, "Nyabo (yaani mama), upinde gani hauna rangi?" Kuurekebisha akataka nyongeza. Nikauacha.

Halafu aliifunga kwa gazeti rangi haijakauka, ikaja kwa bodaboda juani. Kwenye ukosi wa malkia, penye lesi, leo unaweza kusoma herufi tatu za tangazo, zimegeuka kinyume.

Kwa kazi ya vitambaa nitamrudia. Fremu nitampa seremala, maana hii ya kwake ni mbao mbichi na kona moja imeshaanza kuachia.