Oyez: sikiliza mwenyewe majaji wakibishana kuhusu chanjo ya lazima kazini

Kama unatunza wazee au unafanya kazi hospitali hapa Marekani utakumbuka Januari 2022 vile magrupu ya WhatsApp yalijaa voisi za watu wakisema mahakama imefuta chanjo ya lazima ya Covid, hakuna wa kutufukuza tena. Ilikuwa kweli nusu tu, na ile nusu ingine ndio ilikuwa inatuhusu sisi wa huduma za afya. Ndio maana nawaambia watu kuhusu Oyez, tovuti ya bure yenye sauti za kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani, maana pale ndio nilikuja kuelewa hii stori vizuri.

Unatafuta kesi kwa jina, unapata maelezo mafupi imetoka wapi, swali lilikuwa gani na majaji waliamua nini, halafu kuna sauti yenyewe. Ukiplei, maandishi yanatembea pamoja na sauti na unaona nani anaongea. Kwa sisi ambao Kiingereza cha mawakili kinatupita mbio hii ni kubwa sana jamani, unasimamisha, unasoma tena, unaendelea. Hulipi kitu.

Sasa zile kesi mbili zilisikilizwa siku moja, tarehe 7 Januari 2022. Moja ni NFIB (chama cha wafanyabiashara wadogo) na OSHA (idara ya serikali ya usalama kazini), lile agizo la makampuni ya wafanyakazi 100 kwenda juu, uchanjwe au upimwe kila wiki na uvae barakoa, iligusa watu kama milioni 84. Ingine ni Biden na Missouri, yaani serikali ya Rais Biden na jimbo la Missouri, ya sisi tunaofanya kazi kwenye vituo vinavyopokea pesa za Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali, kama milioni 10. Ni zaidi ya masaa matatu ukiziunganisha, lakini sikiliza zote. Mimi nilidhani watabishana kama chanjo inafaa ama haifai, kumbe muda mwingi ni nani ana mamlaka ya kuagiza, je Bunge lao liliipa OSHA nguvu kubwa namna hiyo? Jaji Mkuu Roberts anasema wazi kwamba sheria inayoipa OSHA mamlaka ni ya miaka 50 iliyopita na hadhani Bunge lilikuwa linafikiria Covid. Jaji Kagan naye anasukuma upande wa pili kwa nguvu, kwamba hii ni hatari kubwa mno kwa afya ya watu. Na wakili wa jimbo la Ohio, aliyekuwa anapinga agizo, ilibidi aongee kwa simu kwa sababu alikuwa amepatikana na Covid.

Tarehe 13 majibu yakatoka: OSHA ikazuiwa kwa kura 6 kwa 3, ya hospitali ikaruhusiwa iendelee 5 kwa 4. Roberts na Jaji Kavanaugh ndio waliokuwa upande ulioshinda kote kuwili, na ukishasikiliza unaelewa kwa nini, maana serikali inayolipa hospitali imekuwa ikiweka masharti ya kuzuia maambukizi tangu zamani, lakini kwa dukani na kiwandani majaji wengi waliona Covid ni hatari ya kila mahali, sio ya kazi.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa sababu muhtasari wao ni mfupi mno, mtu anaweza kutoka pale akidhani kesi ziliisha kabisa na kumbe majaji walikuwa wanaamua tu kama maagizo yasimame wakati kesi zinaendelea kwenye mahakama za chini. Halafu ni Mahakama ya Juu peke yake, ile ya wafanyakazi wa hospitali ya Houston Methodist waliopinga chanjo ya lazima, iliyotupwa na jaji Juni 2021 huipati.

Na kama uliomba usichanjwe kwa sababu ya dini na mwajiri akakukatalia, tafuta pale Groff na DeJoy ya 2023. Ni ya mtu wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, haina chanjo ndani, lakini majaji wote 9 walisema mwajiri hawezi kukukatalia kwa usumbufu mdogo tu, lazima aonyeshe gharama kubwa kweli kwa biashara yake. Sikiliza kabla hujamlipa wakili.