Uzoefu wangu: monita moja kwa CPU ya dukani na laptopu, hapa Mwanga Kigoma

Wakuu habari za saa hizi. Watu wengi wakiingia dukani kwangu wanakuta meza ina monita moja kubwa, chini CPU, pembeni laptopu imefunikwa, halafu wananiona nabonyeza kidude na kazi inahama kutoka huku kwenda kule, wanauliza dada hiyo umeifanyaje. Sasa naandika hapa nikimaliza nimemaliza. Kwa kifupi huhitaji monita ya pili na mara nyingi huhitaji hata ile KVM ya bei kali (sanduku la kuhamisha kioo, kibodi na mausi kwa pamoja), maana monita nyingi nyuma tayari zina matundu mawili au matatu ya picha. Kinachosumbua kwenye hii kazi ni kibodi na mausi, na hivyo vinatatuliwa na swichi ndogo ya USB ambayo ndo hasa nataka niielezee.

Kwanza vifaa vyangu, maana matundu ndo yanaamua kila kitu. CPU ni HP EliteDesk 800 G1, hizi za mtumba ambazo ziko kila ofisi. Laptopu ni ThinkPad T480. Monita ni Dell P2419H, inchi 24 kasoro kidogo, full HD. Ile EliteDesk haina HDMI kabisa, ina DisplayPort mbili na VGA (hayo yote ni majina ya matundu ya picha). ThinkPad ina HDMI na USB-C. Monita ina DisplayPort moja, HDMI moja na VGA moja. Kwahiyo CPU nimeipeleka DisplayPort kwa DisplayPort, laptopu HDMI kwa HDMI, VGA imebaki tupu. Hapo upande wa picha umeisha, hakuna kifaa chochote cha kuongeza zaidi ya waya mbili.

Mtu ataniuliza kwanini usitumie mashine moja tu. Mimi nina kazi mbili ambazo sitaki zichanganyike hata kidogo. CPU ni ya wateja, kuprinti, kuskani, maombi ya mkopo wa HESLB, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, watu wanakuja na flash zimetoka kila mahali na nyingi zina virusi. Laptopu ni ya mahesabu, nashika vitabu vya vikoba viwili na vya mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi na kusafirisha, ile ni siri ya watu na hela za watu. Flash ya mteja haigusi laptopu, basi. Lakini mahesabu kwenye kioo cha inchi 14 kutwa nzima macho yanauma, shiti ya kikoba ina safu ya kila mwanachama, hisa, mkopo, riba, faini, jamii, ukiipunguza ionekane yote huoni namba, ukiikuza unaona nusu. Kwenye monita naiona nzima.

VGA kwanini nimeiacha. Fundi wengi huku wakikuta VGA pande zote mbili wanachomeka hiyo kwasababu waya zake zimejaa na bei rahisi, na picha inakuja kweli. Lakini VGA ni analogi, kwenye full HD herufi ndogo zinakuwa na kivuli fulani hivi pembeni. Kaa ufungue shiti ya namba ndogo ndogo halafu angalia 8 na 3, au 6 na 0, uone unavyosogeza uso kwenye kioo. Niliweka picha ya cheti kilichoskaniwa, namba ya ingizo ile ndogo ya juu, kwa VGA unabahatisha, kwa DisplayPort unaisoma umeegemea kiti. Kwa mtu anayeshughulika na namba za watu hiyo sio mambo ya urembo, ukikosea tarakimu moja ya cheti mtoto wa mtu anarudishwa.

Jambo la waya lingine ambalo naomba mlisikilize vizuri. Zile waya zenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili, nyingi zinaenda uelekeo mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye monita yenye HDMI. Ukitaka kinyume, laptopu yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort, ile waya ya kawaida haitoi kitu, kioo kinabaki cheusi na wewe unadhani monita mbovu. Kinyume kinahitaji kigeuzi maalum chenye umeme wake. Muuzaji wengi hawakuambii hili, wanakwambia tu "inaingia", na kweli inaingia ila picha haiji. Halafu HDMI kwenda VGA nayo sio waya tupu, lazima pawe na kigeuzi ndani. Kwahiyo kabla hujaagiza chochote zunguka nyuma ya monita na nyuma ya CPU piga picha kwa simu, muonyeshe muuzaji picha.

Sasa KVM. Hii ni sanduku unaloingiza kompyuta mbili, linatoa kwenda monita moja, kibodi moja na mausi moja, unabonyeza kitufe vyote vinahama pamoja. Kuna jamaa wa mambo ya mtandao alinipa yake nijaribu kabla hajaipeleka kwa mteja wake, ya HDMI. Inafanya kazi, sitaisema vibaya kwa hilo. Ila kwa meza yangu nikaona hapana. CPU yangu haina HDMI kwahiyo lazima niweke adapta, waya zinakuwa tano sita zinakutana kwenye sanduku moja jepesi ambalo zinalivuta mpaka linadondoka nyuma ya meza, na kila nikihama kioo kinakuwa cheusi kidogo halafu nikirudi kwenye CPU madirisha yote yamejikunja kona ya juu kushoto. Hiyo inatokea kwasababu sanduku likikata mawasiliano Windows inadhani monita imechomolewa, basi inapanga upya kila kitu. KVM nzuri zinaidanganya kompyuta kwamba monita bado ipo, wanaita kuigiza EDID, lakini hizo bei yake inapanda. Na ukiwa na monita ya 4K angalia sana, KVM za zamani za HDMI 1.4 kwenye 4K zinakupa hezi 30 tu, yaani picha 30 kwa sekunde, mausi inatembea kama imechoka, 4K ya hezi 60 inataka HDMI 2.0.

Nilichochagua ni swichi ya USB peke yake. Kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, nyuma waya mbili zinaenda kompyuta mbili, mbele matundu manne. Niliagiza Kariakoo ikaja na basi nikaichukua Masanga stendi, haikunifilisi, pamoja na gharama ya kifurushi ilikuwa chini sana ya KVM ile. Kibodi na mausi vimeingia pale. Unabonyeza kitufe, taa inahama kutoka 1 kwenda 2, unasikia ule mlio wa Windows wa kuchomeka kitu, sekunde mbili hivi unaanza kuandika. Haina programu ya kuinstoo wala dereva.

Kilichonifurahisha zaidi ni printa. Nimeichomeka kwenye tundu la tatu la swichi kwahiyo na yenyewe inahama, ripoti ya kikoba naiprinti kutoka laptopu bila kubeba faili kwa flash. Ila usibonyeze swichi wakati printa inaendelea, kazi inakatika katikati na karatasi inatoka nusu. Dogo anayenisaidia nimemwambia angalia printa kwanza ndo ubonyeze. Siku za mwanzo alikuwa anapiga kelele "Dada, mausi imekufa!", namwambia haijafa mdogo wangu, iko kwa laptopu, bonyeza.

Na hili sasa ni la muhimu kuliko yote kwa wenye stationery: tundu la nne liko tupu na litabaki tupu. Flash ya mteja ukiichomeka kwenye swichi halafu ukahama, flash inahama na wewe, inafunguka kwenye laptopu yako. Yaani ule ukuta wote uliojenga kati ya mashine mbili umebomoka kwa kubonyeza mara moja. Mimi nimeliziba lile tundu kwa selotepu, flash za wateja zinaingia mbele ya CPU moja kwa moja. Vilevile hard disk ya nje usiweke hapo, swichi yangu ni USB 2.0, umeme wa tundu kimoja ni mdogo, disk inagoma au inajikata katikati ya kukopi.

Monita yangu ina USB pembeni pia na kuna watu wanadhani ukihama picha na zile USB zinahama. Hapana. Kwenye hii Dell waya wa USB wa kwenda kompyuta ni mmoja tu, kwahiyo matundu yote ni mali ya kompyuta moja. Zipo monita zenye KVM ndani yake, kama Dell U2723QE, hizo zinahama kila kitu, lakini bei yake unapata CPU ya mtumba na chenji.

Kuhamisha picha yenyewe unatumia vitufe vya monita. Ukiacha ilivyotoka kiwandani unapitia menyu, unatafuta Input Source, unashuka, unakubali, inachosha. Ingia sehemu ya Personalize, kitufe cha kwanza kipe kazi ya Input Source, inakuwa rahisi zaidi. Ila mimi nimeenda mbele, kuna programu ndogo ya bure ya NirSoft inaitwa ControlMyMonitor, inaongea na monita kupitia waya uleule wa picha. Unatengeneza shotikati kwenye desktop yenye amri /SetValue Primary 60 17, hiyo 60 ni msimbo wa kuchagua tundu, 17 ni HDMI, 15 ni DisplayPort. Kwahiyo kwenye CPU shotikati inasema 17, inanipeleka laptopu, kwenye laptopu inasema 15, inanirudisha. Hakikisha DDC/CI, ile njia ya kompyuta kuiamuru monita, imewashwa kwenye menyu ya monita, la sivyo haisikii. Mpangilio ni kubofya shotikati kwanza halafu ndo ubonyeze swichi ya USB. Dakika chache mkono unazoea.

Laptopu naifunika kabisa. Windows nimeiambia ikifunikwa isifanye kitu, iko kwenye Power Options, sehemu ya kifuniko, weka Do nothing ikiwa kwenye chaji na ikiwa kwenye betri pia. Ila joto la Kigoma mnalijua, saa nane mchana bati limechemka, laptopu iliyofunikwa imelala juu ya mbao inapata moto sana. Nimeinyanyua kwa vipande viwili vya mbao hewa ipite chini, feni imetulia. Kama rangi nyeusi inaonekana ya kijivu ukitumia HDMI, nenda kwenye programu ya Intel ya grafiki, tafuta Quantization Range weka Full, inarudi nyeusi kweli.

Halafu umeme. Sisi huku tumeishi miaka na umeme wa jenereta za mafuta, na mpaka leo ukikata unakata. Monita nimeiweka kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na CPU. Umeme ukiondoka, UPS inalia, namalizia kazi ya mteja, nasevu, nazima CPU, nahamia laptopu. Hapo UPS imebaki na monita peke yake ambayo inakula wati 20 hivi, laptopu iko kwenye betri yake, kwahiyo wakati wengine wamefunga mimi bado nipo na kioo kikubwa namalizia hesabu. UPS ileile ikiwa na CPU inaisha haraka sana. Kusema ukweli hii peke yake imetosha kunifanya niupende huu mpangilio, maana wale akina mama wa kikoba wanakutana Jumamosi na hawataki kusikia habari za umeme.

Kuna jambo moja bado linanikera, nalo ni CPU nikirudi kutoka laptopu. Ile DisplayPort nayo mara mojamoja inaona monita imeondoka, dirisha la Excel linarudi dogo. Windows 11 ina settingi ya kukumbuka madirisha yalipokuwa, laptopu yangu inayo na haisumbui, EliteDesk ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, Windows 11 haiikubali rasmi kwahiyo iko kwenye 10 na navuta dirisha kwa mkono. Sio shida ya kunirudisha kwenye sanduku la KVM.

Nani anunue KVM basi? Mwenye monita ya tundu moja tu, huyo hana ujanja. Na mwenye kuhama kila dakika, labda fundi anayetengeneza mashine za watu mezani kwake. Wengine wote, nunua waya mbili sahihi na swichi ya USB. Kama unaenda kuchukua monita ya mtumba, mwambie muuzaji aichomeke kompyuta mbili kwa pamoja mbele yako, moja HDMI nyingine DisplayPort, ahame mara kadhaa, maana za mtumba nyingine tundu moja limekufa na hutajua mpaka ufike nayo nyumbani.