Buprenofini ya chini ya ulimi kwa anayehama kutoka methadoni: tathmini yetu

Kidonge cha buprenofini na naloksoni, cha kutibu uraibu wa heroini na afyuni nyingine, ni dawa nzuri, na kwa wagonjwa wengi ina nafuu kuliko methadoni, dawa nyingine ya uraibu huo. Haikandamizi pumzi kwa kiwango kile kile dozi inapopanda, haivurugi sana umeme wa moyo, na aliyekwisha kutulia anaweza kupewa dozi za siku kadhaa akazitumie nyumbani badala ya kupanga foleni kila asubuhi. Ubaya wake uko mwanzoni. Anayetoka kwenye methadoni akiianza vibaya hupata arosto (mateso ya mwili uliokosa afyuni uliyoizoea) ya ghafla, kali kuliko ile aliyoizoea, na aliyepitia hayo mara nyingi hataki tena kuisikia dawa yenyewe.

Buprenofini hung'ang'ania vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za ubongo ambako dawa hizi hushika, kwa nguvu kuliko methadoni, lakini huviamsha kwa sehemu tu. Ikikuta methadoni imekaa, huiondoa na kushika nafasi yake, na mwili uliozoea nguvu kamili hupungukiwa ghafla, kwa kawaida ndani ya dakika 30 hadi 90. Wengi huilaumu naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, na wanaionea. Chini ya ulimi naloksoni hunyonywa kidogo mno. Imechanganywa humo, sehemu 1 kwa 4 za buprenofini, ili anayesaga kidonge na kujidunga asipate anachokitafuta. Kidonge kisicho na naloksoni kikianzwa mapema huleta arosto ile ile.

Njia ya kawaida huanza kwa kushusha methadoni taratibu hadi 30 mg kwa siku au chini ya hapo, na kukaa hapo kama wiki moja. Baada ya dozi ya mwisho mgonjwa husubiri saa 24 hadi 72. Lakini msitegemee saa peke yake, tazameni mwili. Kipimo cha COWS, cha kupima ukali wa arosto, kina vipengele 11, na kwa anayetoka methadoni ni busara kusubiri alama zifike 12 au 13. Jasho na moyo kwenda mbio vinaweza kuletwa na hofu tu. Mboni zilizopanuka, vinyweleo vilivyosimama, miayo na kamasi ni ushahidi mzuri zaidi. Hapo hutolewa 2 mg, mgonjwa huangaliwa kwa saa 1 hadi 2, kisha huongezwa. Siku ya kwanza mara nyingi huishia 8 mg, na dozi ya kuendelea nayo kwa wengi ni 16 mg, wengine 24 mg.

Kasoro ya njia hii ni kule kushusha. Mtu aliye kwenye 100 mg atahitaji wiki nyingi kufika 30, na katika wiki hizo usingizi hupotea, hamu hurudi, na heroini iko jirani. Tumeipa alama za kati kwa sababu hiyo tu.

Njia ya dozi ndogo ndogo, iliyoelezwa na madaktari wa Bern, Uswisi, mwaka 2016, ndiyo tunayoipendelea kwa walio kwenye dozi kubwa. Methadoni inaendelea kama ilivyo huku buprenofini ikiingizwa kidogo kidogo. Mfano wa ratiba: siku ya 1 ni 0.5 mg, siku ya 2, 0.5 mg mara mbili. Siku ya 3, 1 mg mara mbili. Siku ya 4, 2 mg mara mbili. Siku ya 5, 4 mg mara mbili. Siku ya 6, 8 mg asubuhi na 4 mg jioni. Siku ya 7, 12 mg, na methadoni inaachwa. Ratiba hutofautiana, na aliye kwenye dozi kubwa sana huenda polepole zaidi. Mgonjwa halazimiki kuingia kwenye arosto kwanza. Usumbufu ni kukata: robo ya kidonge cha 2 mg humeguka na kuacha unga kwenye wembe, na watengenezaji hawathibitishi kwamba kila kipande kina dawa sawa. Buprenofini ya utando mwembamba, badala ya kidonge, hukatika vizuri zaidi kwa mkasi. Mfamasia akate mwenyewe, kila siku iwe na bahasha yake yenye tarehe. Aliyeruka siku asifidie kwa kurundika dozi. Arudi kwa daktari ratiba ipangwe upya.

Matumizi nayo yana adabu yake. Lowesha kinywa kwa maji, weka kidonge chini ya ulimi, usiongee, usitafune, usimeze mpaka kiyeyuke, dakika 5 hadi 10. Kikimezwa, ini huharibu sehemu kubwa ya dawa, na mtu hudhani dozi haitoshi. Kikishayeyuka, sukutua kwa maji na umeze, kisha ngoja saa moja kabla ya kupiga mswaki. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kuharibika kwa meno.

Arosto ya ghafla ikitokea, kukimbilia heroini ni hatari na hakusaidii sana, maana vipokezi vimeshashikwa. Kwa kawaida daktari huongeza buprenofini yenyewe, pamoja na klonidini ya kutuliza dalili za arosto, dawa za kuzuia kutapika na kuhara, na maji ya kutosha.

Kurudi methadoni ni rahisi kuanza: siku inayofuata dozi ya mwisho ya buprenofini, si zaidi ya 30 mg kwa mara ya kwanza. Hatari inakuja baadaye, kwa kuwa methadoni hujilimbikiza siku baada ya siku. Anayepandisha haraka anaweza kulala asiamke. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu amwambie daktari mapema, kwani hushusha sana methadoni mwilini, na buprenofini pia.

Aliyetulia kwenye methadoni na asiyesumbuliwa nayo, akiwemo mjamzito, hana haja ya kuhama. Na kituo kinachomwanzishia mgonjwa safari hii bila kumhakikishia nafasi yake ya methadoni mambo yakishindikana, hatukipendekezi.