Filamu za bure na mjadala: walivyomkatiza bibi

Nimekaa siku kadhaa nikisubiri hasira zipoe. Hazijapoa, basi acha niandike.

Kuna ukumbi mmoja hapa Dar, upande wa Posta, wanaonyesha filamu bure kila mwezi. Mmoja wetu anataja filamu anayoipenda, inaonyeshwa, taa zinawashwa, halafu kuna mtu wa kuongoza mjadala. Safari hii zamu ilikuwa yangu. Nikataja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin anakimbia ndoa asiyoitaka, Denge yuko kwenye harakati za kumpinga Mwingereza, na Unguja ya miaka ya hamsini iko pale mbele yako kama vile unaweza kuingia ndani yake. Nimeitazama mara nne.

Jirani yangu ni bibi aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja. Nikamwomba twende naye. Hajaingia kwenye jumba la sinema tangu enzi za Majestic na filamu za Kihindi. Alivaa kanga mpya. Tulipanda daladala kutoka Gongo la Mboto, tukakaa kwenye foleni hadi miguu yake ikavimba, na hakulalamika hata mara moja.

Filamu yenyewe ilionekana vizuri, sauti safi, sina neno. Bibi alitazama kimya tangu mwanzo hadi mwisho.

Ukaja mjadala. Mwongozaji, kijana nadhifu, alikuwa na karatasi yenye maswali sita. Akasema kila mtu yuko huru kuzungumza. Bibi akanyoosha mkono. Akasimama, akalishika pindo la kanga yake, akaanza: “Mimi wakati wa siasa nilikuwa mtoto mdogo. Shangazi yangu alikuwa akinituma na sinia la maandazi. Chini ya yale maandazi kulikuwa na karatasi…”

Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Hata wale vijana wa nyuma waliokuwa kwenye simu waliinua vichwa.

“Asante sana bibi, tunaomba ufupishe, muda umetubana. Twende swali la tatu: mmeonaje matumizi ya rangi?”

Rangi! Mtu aliyezibeba karatasi zenyewe kwa mikono yake amesimama mbele yako, wewe unauliza rangi. Bibi akasema, “Haya mwanangu, endeleeni,” akaketi. Pindo la kanga alikuwa bado amelishika. Mtu mmoja akajibu kuhusu rangi, sikumsikia alisema nini. Na mimi niliyeichagua filamu nilinyamaza, nikaogopa kuharibu shughuli ya watu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Najua nitaambiwa: kitu cha bure, unalalamika nini? Nauli si bure. Miguu ya bibi si bure. Na wakisema mjadala ni wa jamii, basi jamii iachwe iseme. Kama ni maswali sita na majibu mafupi, wangetugawia karatasi tukajaza nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa: msiende.

Lakini nikisema hivyo nitakuwa sijatenda haki. Miezi michache nyuma, pale pale, walionyesha Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, inayohusu mwanamke anayeumwa na anayewaogopa waganga wa kienyeji. Siku hiyo aliongoza mama mmoja mwalimu. Hakuwa na karatasi. Aliuliza tu, “Nani kwao kuna Mariamu?” Watu walisema habari za mama zao, za hospitali, za mizizi iliyochemshwa usiku kwa siri. Mlinzi alikuja kutikisa funguo mara mbili na bado tulikuwa tumekaa. Sijapata jioni kama ile popote hapa mjini, ya kulipia wala ya bure. Kumbe wanaweza. Ndiyo maana nimeumia hivi.

Kurudi, kwenye daladala nilimwomba bibi animalizie hadithi. Akasema amesahau alipofikia. Nikajua hajasahau. Tulipofika Tazara, akiwa anaangalia dirishani, akasema: “Yalikuwa ya moto. Karatasi zikashika mafuta, maandishi yakafifia. Shangazi alinigombeza mimi, na yeye ndiye aliyeyapanga.” Akanyamaza tena.

Hayo yangesikika na watu zaidi ya arobaini waliokuwa mle ndani.

Nilishaapa sirudi. Jana jioni bibi ameniita kutoka uani kwake, ameniuliza mwezi ujao wanaonyesha ipi. Nikamwambia. Akauliza kama yule kijana wa maswali atakuwepo.