Filta ya sponji kwa vifaranga vya furu: nunua, ila kivalvu usisahau

Nafuga furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hapa Kirumba, Mwanza, kwenye akwariamu (tangi la samaki) ya lita 60 sebuleni. Filta ya sponji niliinunua mjini pamoja na pampu yake ya hewa, ile ya bei ya chini isiyo na jina, Sh 25,000. Kwa mwenye vifaranga sijaona cha kuishinda.

Furu jike huatamia mayai mdomoni. Wiki mbili tatu hivi hali kitu, kidevu kimetuna kama mtu mwenye jino bovu. Akiwatema, unaona vijisamaki macho tu vinakimbilia chini ya mawe. Filta ya mota, zile za kuning'iniza, inawanyonya mmoja baada ya mwingine, nami inaniuma, maana furu wenyewe ziwani walishapungua mno. Sangara, anayewala, aliletwa humo miaka ya 1950, kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikawa hazionekani tena.

Sponji haimnyonyi mtu. Hewa inapanda kwenye bomba, maji yanafuata yakipenya kwenye vitundu, uchafu unanasa. Ikishakaa majini inaota utando, basi vifaranga wanashinda hapo wakidonoa. Mimi nawaongezea dagaa wakavu wa soko la Mwaloni, nasaga, nachekecha kwa chujio la chai.

Kuiosha ni kuikamua ndani ya ndoo yenye maji ya akwariamu hiyohiyo. Ya bomba hapana, klorini inaua bakteria wanaosafisha maji. Sabuni ndiyo kabisa usithubutu.

Lawama sasa. Pampu inanguruma usiku kucha. Nimeilaza juu ya kandambili kuukuu, angalau kelele zimepungua. Kubwa zaidi, boksi halina kivalvu cha kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika, maji yanarudi kwenye mpira wa hewa mpaka ndani ya pampu kama umeiweka chini ya usawa wa tangi. Kivalvu kinauzwa peke yake, bei ya soda, lakini muuzaji hakutaja mpaka nilipouliza. Hata ukiwa nacho, pampu iweke juu, kwenye rafu.

Zipo saizi mbili. Chukua kubwa hata kama tangi lako ni dogo, haizibi upesi. Ila kama unafuga kambale au sato wakubwa, tafuta kitu kingine. Kwa kinyesi chao sponji hii itazidiwa.