Machine Robo au Diaclone?

Roboti za kuchezea za Kijapani zinazogeuka magari hazikuanzia Marekani. Diaclone, mfululizo wa kampuni ya Takara wa 1980, ina madereva wake: vijitu vidogo vyenye sumaku miguuni, unavyovikalisha ndani ya roboti. Humo ndimo lilimotoka lori ambalo kampuni ya Marekani, Hasbro, ililipa jina la Optimus Prime, kiongozi wa Transformers, mwaka 1984.

Machine Robo, mfululizo mwingine wa roboti kama hizo, ilifuata 1982. Zile za kwanza ziliuzwa yeni 600, zinaenea kiganjani. Marekani, kampuni ya Tonka iliziita GoBots. Wengi huzibeza, eti za bei chee. Mimi nazichukua hizo hizo: mikunjo michache, gari limesimama. Katuni ya Machine Robo ya 1986 ni mambo mengine kabisa. Shujaa Rom Stol anategemea ngumi na upanga.

Ukipenda vipande vingi vya kuchezea, nenda Diaclone, ila andaa mfuko.