Ligi moja ya Ubelgiji na Uholanzi ndani ya Football Manager: uzoefu wangu

Faili hili la Football Manager, gemu ya kompyuta ambayo unakuwa kocha wa klabu, limetengenezwa na shabiki, linapakuliwa bure, na kazi yake ni moja: linazivunja ligi kuu za Ubelgiji na Uholanzi na kuunda ligi moja ya timu 18, kumi za Uholanzi na nane za Ubelgiji. Unaliweka kwenye folda ya data za kuhariri, kisha unaanzisha sevu mpya, yaani mchezo mpya unaohifadhiwa. Lazima iwe mpya, maana mabadiliko ya kwenye kihariri (programu ya kubadilisha data za gemu) hayaingii katika sevu iliyokwisha kuanza. Nilicheza nikiwa kocha wa Genk ya Ubelgiji, na baadaye nikaanzisha sevu nyingine ambayo nilijipa likizo ndefu, kompyuta ikaendesha misimu yenyewe, ili nione ligi inaelekea wapi bila mkono wangu.

Wazo lenyewe halikuokotwa hewani. Wanawake waliwahi kucheza ligi ya pamoja ya nchi hizi mbili kuanzia 2012 hadi 2015, kisha kila upande ukarudi kwake. Kwa wanaume, klabu za ligi kuu ya Ubelgiji zilipiga kura Machi 2021 na kulikubali kimsingi, lakini mpaka leo halijavuka hapo. Kwa hiyo gemu ndiyo mahali pekee pa kulijaribu.

Uwanjani ni tamu, nisiwafiche. Wiki hii Feyenoord ugenini, wiki ijayo Anderlecht, halafu AZ, na katikati yake kuna mechi ya Ulaya. Ile hali ya PSV ya Uholanzi kupita msimu wakizinyanyasa timu ndogo imeisha. Hapa hata wao wanadondosha pointi kwa Gent ya Ubelgiji. Mechi ni 34, nyumbani na ugenini, basi. Ule utaratibu wa Ubelgiji wa timu sita za juu kuingia mchujo huku pointi zao zikikatwa nusu haumo. Wanaoupenda watanuna. Mimi sijawahi kuelewa kwa nini mtu aongoze kwa pointi kumi halafu aambiwe ni tano.

Lakini kuzikutanisha timu ni kazi rahisi. Ligi ya pamoja inapimwa kwa mambo mawili: timu inashukia wapi, na nani anakwenda Ulaya. Mtengenezaji amelipatia la kwanza, la pili limemshinda.

Kwenye kushuka daraja, haangalii tatu za mwisho wa jedwali. Wanashuka Waholanzi wawili wa chini kabisa na Mbelgiji mmoja wa chini kabisa, popote walipo. Maana yake Standard ya Ubelgiji anaweza kumaliza wa 13 akashuka, na Mholanzi aliyemaliza wa 16 akabaki akichekelea. Mwanzoni utaona ni uonevu. Sasa fikiria wakishuka Waholanzi watatu kwa mpigo: daraja la pili la Uholanzi linafurika, la Ubelgiji linabaki na pengo, na baada ya misimu michache idadi zote zimevurugika. Ili timu za Eredivisie, ligi kuu ya Uholanzi, zilizoachwa nje zipate pa kukaa, amezishusha pia timu za vijana kama Jong Ajax na Jong PSV, ambazo kwa kawaida hucheza daraja la pili. Aliyefanya hivi anajua mpira wa kule.

Ulaya sasa. Nafasi za nchi zote mbili ameziweka kapu moja na kuzigawa kwa msimamo wa jumla. Inaonekana haki, ila UEFA hupanga nafasi kwa nchi, kwa kupima matokeo ya klabu za kila nchi kwa misimu mitano. Katika sevu yangu ya likizo, Waholanzi walijaza nafasi za juu, Ubelgiji ikabaki na timu moja Ulaya, na timu hiyo ikiboronga, nchi nzima inaporomoka. Nafasi zikapungua, kapu likapungua, na wa kulaumiwa hayupo uwanjani. Mifano halisi ya kuiga ipo. Vaduz wanacheza ligi ya Uswisi lakini wanaingia Ulaya kwa kombe la Liechtenstein. Swansea, klabu ya Wales, walibeba Kombe la Ligi la Uingereza 2013 wakaenda Ulaya kwa nafasi ya Uingereza. Ukishachanganya mataifa, lazima uamue mapema nani anahesabiwa wapi. Nilikifungua kihariri nikatenganisha: Wabelgiji wanapigania nafasi za Ubelgiji, Waholanzi za kwao. Kazi ya kuchosha, maana ililazimu kuanza sevu upya, ila ligi ilipona.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawataligundua mpaka dirisha la usajili lifunguliwe. Ligi imeandikishwa chini ya Uholanzi, kwa hiyo sheria za usajili ni za Kiholanzi. Kule, mchezaji wa miaka 20 na zaidi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya lazima alipwe walau asilimia 150 ya wastani wa mshahara wa ligi. Kima cha Ubelgiji kiko chini sana, na klabu zake zimejengeka kwa mlango huo. Mbwana Samatta alitua Genk 2016 akitokea TP Mazembe, akatwaa ubingwa wa 2019 na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji, mwaka huohuo. Ndani ya faili hili, Genk yangu isingeweza kumsajili Samatta mwingine bila kuvuruga mishahara ya kikosi kizima. Msimu wa kwanza niliishia kununua vijana wa Scandinavia, ambao ni wazuri, lakini hiyo siyo Genk.

Uteuzi wa timu nao una walakini. Amechagua kwa ukubwa wa jina, hivyo Union Saint-Gilloise wameanzia daraja la pili. Hawa ni mabingwa wa Ubelgiji wa 2025, taji lao la kwanza tangu 1935! Katika sevu zote mbili walipanda haraka, kama vile gemu nayo imekataa.

Kama kompyuta yako ina umri, pakia madaraja mawili ya juu ya kila nchi tu. Nilipoongeza Ujerumani na Ufaransa, kila siku ya mechi ikawa ya kungoja, wala sikuona tofauti kwenye jedwali. Kwa hali lilivyo nalipa nyota tatu kati ya tano. Ukitenganisha nafasi za Ulaya kwa mkono wako, ongeza moja.